Chupa ya Saa Tano Kasorobo

Nilimwomba Mungu niwe nimekosea. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ya kuhesabu seli, koti langu jeupe nimelifunga vifungo hadi shingoni kwa baridi iliyoniingia ghafla, na nilikuwa naomba nigundue kwamba nimechanganya chupa. Miaka saba nimesota na kazi moja, sijaolewa, sijanenepa, sijapata hata muda wa kusuka nywele vizuri, halafu siku hiyo nikaomba kazi yote iwe ya ovyo.

Kazi yenyewe ni hii. Ziko saratani zinazoshika damu. Seli nyeupe, zilizoumbwa kutulinda, zinaasi, zinazaana bila mpango na kujaza uboho wa mifupa mpaka zile njema zinakosa pa kukaa. Mimi na Profesa tulikuwa tumetengeneza kingamwili, yaani protini ndogo inayoitambua seli iliyoasi kwa alama iliyo juu yake, ikaing'ang'ania ili kinga ya mwili ijue pa kupiga. Tukiipaka kingamwili hiyo rangi ya kung'aa, kila seli iliyoshikwa inatokea kwenye skrini kama nukta ya kijani. Damu ya mgonjwa huleta wingu zima la kijani. Damu ya mtu mwenye afya haileti kitu, labda nukta tatu nne zilizopotea njia.

Kwa hiyo tunahitaji damu yenye afya ya kulinganishia. Kila Jumatano watu wanne wa jengo letu, yeyote anayejisikia, hukaa kwenye kiti cha muuguzi tunayemwita Dada Sindano, wakatoa chupa moja moja na kupewa biskuti. Chupa haiandikwi jina. Inaandikwa namba na saa, basi; jina linabaki kwenye daftari la muuguzi, na mimi sitakiwi kujua ni ya nani.

Jumatano ile watatu walitoa saa mbili asubuhi. Wa nne alitoa saa tano kasorobo. Wingu la kijani lilikuwa kwenye chupa ya saa tano kasorobo.

Nilijua ni ya nani kwa sababu alikuja mwenyewe kunitambia. Aliingia maabara na pamba imebandikwa kwenye mkono, biskuti mdomoni, sanduku la vifaa begani. Ni fundi wa majokofu. Majokofu yote ya jengo hili na ya hospitali ya jirani yako mikononi mwake, na yangu yameharibika mara nyingi kuliko ya wengine tangu tujuane, jambo ambalo Profesa amelinyamazia kwa hisani yake.

"Mama Panya," aliniambia siku hiyo. Ndivyo anavyoniita kwa ajili ya panya wangu wa majaribio. "Nimemwaga damu kwa ajili yako. Kuna mwanamume mwingine amewahi kukufanyia hivyo?"

"Wapo watatu, leo hii asubuhi."

"Hao walifuata biskuti."

"Na wewe?"

"Mimi nilikufuata wewe. Biskuti nimeikuta."

Nilicheka, chupa iko mkononi. Kicheko hicho ndicho kilichonipa matumaini siku mbili nzima. Chupa za wagonjwa zilikuwa upande wa kushoto, za wenye afya upande wa kulia, na mwanamke anayecheka na mchumba wake anaweza kabisa kunyoosha mkono upande usio wake. Alhamisi nikarudia kipimo kwa damu iliyobaki. Wingu. Ijumaa nikarudia tena, mlango nimeufunga, simu nimeizima, kila chupa naisoma namba yake kwa sauti. Wingu lilelile, mahali palepale, la kijani kibichi.

Kingamwili yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

Profesa alikuja akasimama nyuma yangu. Ni mama wa makamo, mfupi, miwani yake hukaa kichwani kuliko machoni. Hakuniuliza kwa nini nalia. Alivuta kiti, akaangalia majibu yote matatu, akayarudia.

"Unajua ni nani," alisema. Halikuwa swali.

"Ndiyo."

"Hutakiwi kujua."

"Najua sitakiwi, Profesa. Najua vilevile."

Alishusha miwani ikakaa machoni. "Sikiliza, mwanangu. Jibu la utafiti si jibu la hospitali. Lazima achukuliwe damu mpya, na uboho, daktari wa wodi amwone. Nimeshampigia. Watamwita Jumatatu. Mpaka hapo wewe hujui kitu na hujaona kitu."

"Kesho anakuja nyumbani kwetu na wazee wake."

"Kuposa?"

"Ndiyo."

Aliipandisha miwani kichwani. "Basi na hili ulikumbuke. Akionekana mgonjwa na damu yake ikaingia kwenye utafiti, ndugu yake haruhusiwi kugusa sampuli hata moja. Anarudisha kadi ya mlango. Hiyo ni kanuni, na niliitunga mimi."

"Mchumba si ndugu."

"Mchumba haimo kwenye kanuni," alikubali. "Mke imo."

Aliniwekea mkono begani, akatoka. Nilibaki nawaza alama kwenye mikono ya Fundi wangu. Alama za bluu, mbili kwenye kigasha, moja kubwa juu ya kiwiko, ambazo mwezi mzima nimekuwa nikizitania. Nimemwambia apunguze kupigana na majokofu. Amenijibu kwamba majokofu ndiyo yanayoanza. Wanafunzi wangu nawafundisha kila mwaka: mtu anayepata alama bila kujigonga, fizi zikamtoka damu, akachoka bila sababu, mpeleke akapimwe damu. Mdomo huohuo umezibusu alama zile na kucheka.

Saa nane mchana alikuja kubadilisha mpira wa mlango wa chumba cha baridi. Ndimo tulimojuana, mle ndani, miaka miwili nyuma, aliponiambia kwa uso mkavu kabisa kwamba friji langu lina homa. Sasa alikuwa amepiga goti mlangoni, anaung'oa mpira wa zamani kwa bisibisi, na mimi nimesimama na daftari ambalo sikuwa naliandika.

"Kaka zangu wamenunua mashati mapya," alisema bila kuinua kichwa. "Baba mdogo anafanya mazoezi ya kuongea tangu juzi. Mama yako atachoka mwenyewe."

"Mama hachoki."

"Najua. Bado ananiita yule wa mabarafu?"

"Siku hizi anakuita yule kijana."

"Nimepanda cheo." Alipumzika, akajifuta jasho. Jasho, mlangoni pa chumba cha nyuzi nne. "Lile swali lake, ataniuliza mbele ya watu wote?"

Mama ana swali moja, na ukoo mzima unalijua. Baba yangu alikuwa na moyo mbovu. Alijua kabla ya harusi na hakusema. Mama alikuja kujua siku baba alipoanguka msalani, mimi nikiwa na miaka minne, akamuuguza miaka tisa mpaka akamzika. Kila mwanamume aliyewahi kukaribia mlango wetu ameulizwa jambo lilelile: una ugonjwa wowote ambao mwanangu anapaswa kuujua? Mmoja alikuwa na pumu, akaificha. Mama alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, ikawa mwisho wake.

"Ataliuliza," nilisema. "Utamjibu huna."

"Si sina kweli?"

"Ndiyo. Utamjibu hivyo."

Sauti yangu ilinisaliti. Aliweka bisibisi chini, akageuka akanitazama, na jinsi alivyonitazama ninaikumbuka hata leo. Ni mtazamo wake wa kazini. Huwa anakaa mbele ya jokofu lililokufa dakika nzima kabla ya kuligusa, anasikiliza.

"Mama Panya. Una nini?"

"Nimechoka."

"Ukichoka unakula. Leo chakula chako kiko pale mezani, hujakifungua."

"Nionyeshe mikono yako," nilisema.

"Ya nini?"

"Nionyeshe tu, Fundi."

Alikunja mikono ya shati taratibu. Alama zilikuwa zimeongezeka. Chini ya ngozi, karibu na kifundo cha mkono, palikuwa na vitone vyekundu vidogo vidogo ambavyo Jumatano havikuwapo, au vilikuwapo nami sikutaka kuviona. Nilivigusa kwa kidole. Havikupotea nilipobonyeza; ilikuwa damu iliyovuja.

"Fizi zako?"

"Zinatoka damu nikipiga mswaki. Nimebadilisha mswaki."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Nne." Alikuwa bado ananitazama. Kisha nikaona jambo lenyewe likimfikia, polepole, kutoka machoni kushuka mpaka mabegani. "Ni ile damu," alisema. "Ile ya biskuti."

Kanuni ilikuwa inanitaka niseme sijui. Nikabaki nimemshika mkono. Mota ya chumba cha baridi ikawaka, ikanguruma, ikazima.

"Nikifungua friji la mtu nikakuta kompresa imekufa," alisema, "huwa nafanya uso kama wako huo huo. Mteja anajua kabla sijasema."

"Si hakika. Inahitaji kurudiwa. Damu mpya, hospitali, kwa daktari."

"Wewe umerudia mara ngapi?"

"Tatu."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Akakaa sakafuni palepale, mgongo kwenye fremu ya mlango, miguu imenyooka, nami nikakaa kando yake. Ubaridi ulitoka ndani ukitupita. Sijawahi kuogopa namna ile. Niliogopa kifo chake, niliogopa sindano za uboho atakazochomwa mgongoni, niliogopa kuwaza ni ipi kati ya aina zile, maana nazijua zote kwa majina na kwa takwimu zake, na kwa mara ya kwanza kila takwimu ilikuwa na sura.

"Nitakufa?" aliuliza.

"Sijui."

"Mtaalamu mzima."

"Kuna dawa. Wako wanaopona, wengi tu kuliko zamani. Lakini sijui, na sikudanganyi."

"Na hii ya kwako? Hii kingamwili?"

"Bado iko kwa panya."

"Basi panya wana bahati," alisema, na mimi nikaanza kulia, na yeye, aliyekuwa na haki ya kulia, akanifuta machozi kwa mkono wa shati lenye grisi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona aibu hadi leo. Nilimshika kola kwa mikono yote miwili. "Nisikilize. Mpaka Jumatatu hakuna daktari aliyekuambia kitu. Mimi sihesabiki. Kesho Mama akikuuliza, sema huna. Hutakuwa umedanganya. Wazee wakubaliane, mambo yapite, halafu Jumatatu tutaanza matibabu. Sitaki akukatae. Nikikupoteza kwa ugonjwa na kwa Mama siku moja, nitakwenda wapi?"

"Kama baba yako," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo alivyofikiri na yeye. Mambo yapite kwanza."

"Fundi, nakuomba."

Alifungua vidole vyangu kimoja kimoja kwenye kola yake. Hakuwa na hasira. "Mimi nilikuwa nafikiri tuahirishe kabisa," alisema. "Nikupe nafasi utafute mzima."

"Ukirudia neno hilo nitakufungia humo ndani na panya wangu waliokufa."

"Basi kila mmoja ana ujinga wake."

Simu yangu ililia. Tuliitazama wote wawili inavyotikisika sakafuni. Ilikuwa Mama. Nilipoichukua, kidole kilikosea, ikafunguka kwa sauti kubwa.

"Wewe mtoto, mbona simu ulikuwa umeizima tangu asubuhi? Wageni ni wanane au kumi? Nataka kupanga viti, na shangazi yako anataka kujua kama yule kijana anakula pilipili."

Fundi akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe uko hapo. Habari za kazi?"

"Si nzuri, mama. Kuna swali ulitaka kuniuliza kesho. Naomba nilijibu leo."

Nilitikisa kichwa. Nilimshika goti. Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake na kuendelea.

"Nimetoa damu hapa kwao, wameona ndani yake kitu kama saratani. Bado sijathibitishiwa na daktari. Lakini nina alama mwilini na mwanao amekaa hapa analia, kwa hiyo nadhani ni kweli."

Upande wa pili palisikika kiti kikivutwa, kisha mtu anakaa.

"Umejua lini?" Mama aliuliza.

"Robo saa iliyopita."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe ndiye wa kwanza kumwambia. Wa kwetu bado."

"Mwanangu ndiye aliyetaka uniambie?"

Alinitazama. "Ndiye, mama."

"Huo ni uongo. Namjua, nimemzaa mwenyewe. Uwe uongo wako wa mwisho kwangu." Alishusha sauti. "Nisikilize, kijana. Baba yake sikuwahi kumkasirikia kwa kuumwa. Nilimkasirikia kwa kuumwa peke yake miaka mitano na mimi nimelala kitanda kimoja naye. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Kesho mje. Viti naweka kumi. Ukishindwa kuinuka kesho, mje kesho kutwa, au tutakuja sisi huko. Na usingoje hiyo Jumatatu yao. Mshike huyo mwanangu mkono mwende mkapimwe sasa hivi."

Simu ikakatwa. Nikagundua Mama hakuwa ameambiwa chochote kuhusu Jumatatu, ila miaka tisa ya kuuguza ilimfundisha kwamba ukienda hospitali Ijumaa, wanakuambia Jumatatu. Fundi alikaa bado ameishika simu. Nilimkumbatia palepale sakafuni. Moyo wake ulikuwa unaenda mbio, nami niliusikiliza kwa hofu mpya, maana nilijua unasukuma nini.

Kliniki iko chini, ghorofa ya kwanza. Profesa alitukuta kwenye ngazi, akatutazama mikono ilivyoshikana, akaelewa kwamba nimevunja kanuni moja tayari. Hakunigombeza. Alipiga simu, na daktari wa wodi akasema atashuka baada ya nusu saa, damu ianze kuchukuliwa.

Dada Sindano alikuwa na fomu. Safari hii chupa iliandikwa jina lake lote, na jina la baba yake. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza kama damu itakayobaki itumike kwenye utafiti.

"Tia alama ndiyo," alisema Fundi.

"Fikiri kwanza," nilimwambia.

"Nimefikiria. Si ndiyo kazi yako? Labda yangu ndiyo itakayowatoa kwa panya."

Dada Sindano akatia alama. Kisha akasoma mstari unaofuata: ndugu wa karibu, na uhusiano wake na mgonjwa. Kalamu ilisimama. Profesa, aliyekuwa mlangoni, aliangalia dirishani kana kwamba kuna jambo kubwa linatokea nje.

"Andika kaka yangu mkubwa," Fundi alisema haraka. Nilikuwa nimemsimulia ile kanuni zamani, kwa mzaha. "Au andika mchumba. Mchumba haina neno. Nani atanitengenezea dawa wewe ukitolewa?"

"Profesa yupo. Wanafunzi wangu wapo, na mikono yao haitetemeki." Nilikaa karibu naye. "Siku tatu hizi nimekuwa naomba mashine iseme uongo. Jana nilitaka kuifuta ile picha ya wingu la kijani. Mtu kama huyo asiiguse damu yako."

"Miaka saba, mpenzi."

"Nimeihesabu."

Nilichukua kalamu mkononi mwa Dada Sindano. Niliandika jina langu, na mbele yake, kwenye uhusiano, nikaandika Mke. Wazee walikuwa hawajakaa, mashati mapya yalikuwa bado kwenye mifuko, na mimi nilikuwa nimeshaolewa kwa kalamu ya kliniki. Fundi alilisoma neno hilo, akageuza uso upande wa ukuta, akanyoosha mkono wake wenye alama kwa muuguzi.

Nilivua kadi ya mlango shingoni, nikampa Profesa. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Majibu yakitoka atayaleta daktari," alisema. "Mimi sitakuambia kitu."

"Najua."

"Itabidi usubiri nje."

Nje ya kliniki kuna benchi refu la mbao ambalo wanakaa ndugu wa wagonjwa. Kwa miaka saba nimelipita kila siku, mbio, macho mbele, kwa sababu likipita koti jeupe wote hunyanyua vichwa. Walikuwapo watu watano. Mzee mmoja alisogea kidogo, nikakaa, nikavua koti langu na kulikunja mapajani, ndani nje.

Baada ya muda mlango ulifunguka. Alitoka mwanafunzi wangu, binti makini, ameshika trei yenye chupa moja nyekundu yenye jina. Alinipita akiharakisha, macho mbele, hakupunguza hatua wala hakulitazama benchi. Ndivyo nilivyomfundisha. Nami nilinyanyua kichwa pamoja na wenzangu wote, nikamfuata kwa macho mpaka alipokata kona.